Kuhamisha Watu si Kuhamisha Meza



Mwezi Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya serikali ya Tanzania yahame kutoka Dar es Salaam yaende Dodoma. Matawi ya chama yalikuwa yameulizwa kwanza. Walakini miaka zaidi ya arobaini ilipita, na wizara nyingi zikabaki pale pale. Ndipo Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yake itahamia huko. Waziri Mkuu alihamia mwaka ule ule, Makamu wa Rais mwishoni mwa 2017, naye Rais mwenyewe Oktoba 2019.

Hapo tunajiuliza: kiongozi anayetaka kubadili utaratibu wa kazi awasubiri watu waridhike, au atoe amri?

Sisi tuliofundisha tunaijua barua ya uhamisho. Tulipata kuipokea Ijumaa, tukatakiwa kuripoti kituo kipya Jumatatu. Aliyeitia sahihi hakuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, wala kama mahindi bado yako shambani. Tulikwenda, maana kazi ya umma si mali yetu. Lakini mwili ulitangulia na moyo ukachelewa, na watoto darasani waliliona hilo.

Kwa hiyo hatusemi kiongozi angoje mpaka wote wakubali. Habari ya Dodoma inatufundisha kwamba azimio peke yake halihamishi hata kiti. Wala hatusemi kwamba amri inatosha. Amri huhamisha meza na majalada. Karani aliyeacha watoto wake shuleni Dar es Salaam, kila Ijumaa mawazo yake yako ndani ya basi.

Tunaona kiongozi anadaiwa mambo mawili. La kwanza, atangulie. Wazee walisema aisifuye mvua imemnyea. Anayesifu nyumba mpya huku akilala katika ile ya zamani, nani atamwamini? La pili, akishatangulia ageuke nyuma, awatazame waliochelewa, awaulize kinachowazuia. Mwenye mgonjwa si mkaidi. Anayekaribia kustaafu si mvivu.

Nasi tulio katika kamati za shule na za zahanati tuna madaraka yetu madogo. Siku tutakapotaka wenzetu waache walilolizoea, tujiulize kwanza: sisi wenyewe tumekwisha kufunga mizigo?