Mashine Ikishuhudia

Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, hesabu za malipo ya kompyuta zilipishana kwa senti 75. Clifford Stoll, mwanaastronomia aliyekuwa amehamishiwa kitengo cha kompyuta, akaambiwa atafute zilikopotelea. Alichokikuta ni mvamizi, na akaunti aliyoitumia ilikuwa na jina la mtu halali, mwenyewe akiwa Uingereza wakati huo.

Mpelelezi mwenye haraka angemshika huyo wa Uingereza. Jina si limeandikwa? Stoll alikwenda polepole. Aliunganisha printa kwenye laini za simu, kila herufi ya mvamizi ikachapwa karatasini, na miezi ikapita akimwona mtu huyo akibisha kwenye kompyuta za jeshi, nyingi zikimkatalia. Nyayo ziliishia Hannover, Ujerumani, kwa Markus Hess, ambaye kikundi chake kilikuwa kikiwauzia habari KGB, majasusi wa Kisovieti.

Siku hizi mashine huandika zenyewe. Mtu akishindwa kuingia kwenye Windows, kumbukumbu za usalama huweka tukio namba 4625: jina la akaunti, saa, kompyuta jaribio lilikotoka, anwani ya IP na msimbo wa sababu. 0xC0000064 maana yake jina hilo halipo. 0xC000006A, jina lipo ila nenosiri si lenyewe. Kompyuta moja ikijaribu majina mengi yasiyokuwepo kwa dakika chache, hapo kuna anayebahatisha. Lakini jina moja likirudiarudia usiku kucha kwa msimbo wa pili, mara nyingi ni simu iliyobaki na nenosiri la zamani, au kazi ya ratiba ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilishia. Mwenye jina amelala zake.

Tahadhari hii ni ya kale. Katika Kurani, sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inaamuru habari ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa kutojua. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati 19:15 inakataa shahidi mmoja. Mtetezi wa mashine atasema shahidi huyu hana chuki wala hahongeki. Ni kweli, ila kukosa chuki si kujua. Jina la kompyuta ndani ya 4625 mara nyingi limetajwa na mashine ile ile inayobisha, na inaweza kudanganya. Anwani ya IP iliyokuwa ya kompyuta hii asubuhi huenda jioni imepewa nyingine. Kwa hiyo shahidi wa pili lazima atoke kwingine: kumbukumbu za seva iliyogawa anwani saa ile, na kauli ya mtu mwenyewe. Kumwita mfanyakazi mbele ya wakubwa kwa mistari ya 4625 peke yake ni dhuluma, hata kama baadaye atakutwa na kosa.

Aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inamgeukia mpelelezi: inakataza dhana nyingi na kuchunguzana. Husimuliwa kwamba khalifa Umar aliruka ukuta wa nyumba akamkuta mtu kwenye ulevi. Mtu yule akamjibu kwamba naye amekosa mara tatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na ameingia bila idhini. Umar akamwacha.

Hoja hiyo inamgusa moja kwa moja anayepekua kumbukumbu hizi, maana humo mna siri asizozitafuta. Mtu mwenye haraka huandika nenosiri pale panapotakiwa jina. Mfumo unakataa, kisha unalihifadhi neno hilo kama jina la mtumiaji, wazi kabisa, kwa kila mwenye ruhusa ya kusoma. Waundaji wa Linux waliliona hili. Katika faili la login.defs mna kipengele LOG_UNKFAIL_ENAB, ambacho kwa kawaida huachwa kikiwa kimezimwa: mtu akishindwa kuingia kwa jina lisilojulikana, programu ya login inaandika kwamba ameshindwa, na alichokiandika haikihifadhi.