Deni la Miguu

Wiki ya mwisho ya Mei, barabara ya lami itokayo Bumala kwenda mpakani Busia hujaa watu ambao miezi mingine hawaonekani. Hupita kwa makundi, wengi wakiwa na fulana za rangi moja zenye jina la parokia. Mmoja hutangulia na msalaba wa mbao, na nyuma yao huja pikapu yenye magodoro, masufuria, madumu ya maji na wale ambao miguu imewagomea. Wanaenda Namugongo, nje kidogo ya Kampala, ambako kila tarehe 3 Juni Wakatoliki na Waanglikana huwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Kutoka Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200, na wapo walioanza safari mbali zaidi: Kitale, Nakuru, hata Nairobi. Wengine huvukia Malaba na kupita Tororo. Njia hizo mbili hukutana karibu na Bugiri, kisha ni Iganga, Jinja, msitu wa Mabira na Mukono. Atembeaye kilomita 30 kwa siku huhitaji wiki nzima.

Kandokando ya barabara hiyo hiyo waendesha bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wakiita abiria. Biashara yao ilizaliwa papa hapa mpakani miaka ya 1960, vijana walipoanza kubeba watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda ili wasiukate mwendo ule kwa miguu. Hujaji huwapungia mkono na kupita. Nauli anayo, au angeweza kuchangiwa. Ameamua kutembea.

Kwa nini? Na uamuzi huo una thamani gani, mbele za Mungu na mbele ya jirani ambaye hutembea kila siku kwa sababu hana jinsi? Katika nchi ya Wamarachi, upande wa Kenya wa barabara hiyo, swali hili haliwezi kukwepwa. Huko Butula na vijiji vyake mama huamka alfajiri na beseni la samaki au mkungu wa ndizi kichwani, mtoto huenda shule kwa miguu, mgonjwa huenda zahanati kwa miguu. Hakuna anayewapongeza. Hakuna fulana iliyochapishwa kwa ajili yao. Mtu anapojitwisha taabu ambayo wenzake wanaiomba iwaondokee, anadaiwa maelezo.

Kabla ya kuyadai maelezo hayo, yafaa kutazama nadhiri yenyewe inavyoishi. Wiki ile ya Mei ni sehemu yake ndogo. Anayerudi kutoka Namugongo mwezi Juni akasema, "Mwakani, Mungu akinijalia, nitakwenda kwa miguu," amejifungia miezi 12. Mwili usiozoea hauwezi kubeba siku saba za lami, kwa hiyo mwaka mzima unageuka kuwa safari. Julai na Agosti ni rahisi. Asubuhi ni za baridi kidogo na nia bado ni mbichi. Desemba na Januari jua ni kali na vumbi la barabara za ndani huingia mpaka kwenye meno. Kisha huja masika, kuanzia Machi hadi Mei, na hapo ndipo wengi huachia njiani. Mvua imenyesha usiku kucha, viatu vilivyoanikwa jikoni bado vina maji, udongo wa njiani unashika soli mpaka kila mguu una uzito wa miguu miwili. Anayetoka nje Jumamosi ya namna hiyo, na gambuti miguuni na karatasi ya nailoni mabegani, hana kundi wala wimbo wala msalaba wa mbele. Mwanzoni hujipaka mafuta ya mgando kati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Jioni huloweka miguu katika beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi na kulikagua lengelenge la kisigino. Keshokutwa yake ni Jumatatu na shamba linamngoja.

Mahali pengine duniani watu hufanya jambo linalofanana na hili bila kumtaja Mungu. Mwaka 2014, huko Marekani, Karla Amador alijiwekea lengo la kupanda na kutembea porini mara moja kila wiki kwa mwaka mzima, matembezi 52, na wengi wakamfuata. Huko kaskazini mtihani wao ni majira ya baridi, theluji ikifunika njia na jua likizama mapema. Kwa mwili, mtihani wa theluji na mtihani wa masika ni ndugu. Yote miwili humchuja aliyependa wazo la kutembea akabaki aliyeamua kutembea.

Tofauti iko kwa mdai. Ahadi ni deni, na aliyejiahidi mwenyewe anajidai mwenyewe. Asubuhi ya mvua anaweza kukaa kitandani, akajisamehe, na hesabu ikafungwa bila mtu kujua. Aliyeweka nadhiri anadaiwa na Mwingine, na haki ya kusamehe iko kwake Huyo. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, katika kanuni ya 1191, zinaieleza nadhiri kuwa ahadi iliyofikiriwa na ya hiari, anayopewa Mungu, kuhusu jambo jema linalowezekana na lililo bora zaidi. Kila neno hapo lina kazi. Iliyowekwa kwa hofu kubwa isiyo ya haki au kwa hila haisimami. Jambo lisilowezekana halihesabiwi. Tena lazima liwe bora kuliko kinyume chake, kwa hiyo ukaidi mtupu wa kutafuta maumivu hauingii.

Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama tendo lililowekewa nadhiri ni bora kuliko tendo lile lile lililofanywa bila nadhiri. Akajibu kwamba ndiyo, na sababu mojawapo aliyoitoa, akimfuata Anselmi, ni hii: anayempa mtu mti pamoja na matunda yake amempa zaidi kuliko anayempa matunda tu. Mtembezi wa Jumamosi moja ametoa tunda. Aliyeweka nadhiri Juni ametoa Aprili yote kabla hajajua mvua yake itakuwaje. Hili ndilo jibu lenye nguvu kuliko yote kwa wanaouliza kwa nini mtu asitembee tu siku anayojisikia.

Lakini wapo waliolipinga wazo hilo, na upinzani wao haukutoka kwa watu wavivu. Katika Hadithi iliyopokewa na Anas na kuhifadhiwa na Bukhari, Mtume Muhammad alimwona mzee akitembea huku ameegemea wanawe wawili. Alipouliza, aliambiwa mzee ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akasema Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kujitesa nafsi yake, akaamuru apandishwe mnyama. Dada yake Uqba bin Amir naye aliweka nadhiri ya kutembea hadi Nyumba ya Mungu huko Makka, na jibu alilopewa kaka yake likawa kwamba atembee na apande pia. Waislamu wa Mumias na Busia wanazijua simulizi hizi, na si vigumu kuona zinavyowahusu majirani zao Wakristo wanaochechemea kuelekea Jinja. Ile pikapu ya nyuma, yenye magodoro na wagonjwa, ni njia ya makundi ya hija ya kukubali hoja hiyo hiyo. Kupanda si dhambi.

Martin Luther alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1520, akiwaandikia wakuu wa Ujerumani, alilalamika kwamba mwanamume hutumia fedha nyingi kwenda kuhiji Roma huku mke, watoto au jirani yake wakibaki na shida nyumbani, jambo ambalo Mungu hakumwamuru, badala ya lile aliloamriwa. Makanisa mengi ya Kipentekoste ya Marachi yangesema amina kubwa kwa maneno hayo. Na kwa kweli, hoja ya Luther haijazeeka. Baba anayekwenda Namugongo akiwa amekopa karo ya mtoto hajatoa mti wake. Ametoa mti wa mtoto. Nadhiri ya namna hiyo inaanguka kwa kipimo cha kanuni ile ile ya 1191, kwa sababu si jambo lililo bora. Hata hivyo Luther alikuwa na Roma mbele ya macho, fedha zake na misamaha yake. Hujaji wa Butula anayelala kwenye sakafu ya darasa na kula uji na mihogo ya kuchemsha hanunui chochote. Anachotumia zaidi ni muda na nyayo.

Bado lipo lile swali la jirani asiye na hiari, nalo ndilo linalouma kuliko hoja ya Luther.

Jibu lake, kama lipo, limo ndani ya historia inayoadhimishwa. Waliokufa Namugongo hawakutembea kwa kupenda. Mwishoni mwa Mei 1886 walipelekwa wakiwa wamefungwa kutoka Munyonyo, ilikokuwa ikulu ya Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, na wengine waliuawa kabla ya kufika. Gonzaga Gonza alianguka njiani tarehe 27 Mei. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni, miongoni mwao Kizito aliyekuwa kijana wa miaka 14 hivi. Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Pamoja na Waanglikana 23, mashahidi ni 45. Anayetembea leo kwa hiari anaikumbuka safari ambayo wenyewe hawakuulizwa kama wanataka kuianza.

Na kuna wengine ambao majina yao hayasomwi kwa sauti. Askofu Mwanglikana James Hannington alitoka pwani Julai 1885 na wapagazi zaidi ya 200. Oktoba akafika kwa Mfalme Mumia, mahali pa leo pa Mumias, akawaacha wengi hapo na kuendelea magharibi na watu 50 kuelekea Busoga. Aliuawa tarehe 29 Oktoba, na karibu wapagazi wote aliokuwa nao waliuawa pamoja naye. Yusufu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa ikulu, alimkemea Mwanga kwa kifo cha askofu huyo, akauawa tarehe 15 Novemba. Hannington alikuwa na wito. Wapagazi walikuwa na ujira na mizigo kichwani. Wamepita upande huu wa mpaka wa leo, kwa miguu hadi kufa, na hija yoyote inayopita Mumias au Busia bila kuwataja inawadai kumbukumbu.

Mpakani penyewe, Busia na Malaba, wapo watu wenye ulemavu wanaojipatia riziki kwa kuvusha bidhaa juu ya baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Makatoni na magunia hupangwa nyuma hadi juu ya kichwa, na vijana husaidia kusukuma kwenye mwinuko. Hujaji anayepita kando ya mtu huyo akilalamika kuhusu kisigino chake anaweza kunyamaza. Anaweza pia kusukuma. Taabu ya hiari inapata maana yake ikimfanya mtu aone taabu isiyo ya hiari na kuweka mkono wake pale. Isipomfanya hivyo, mwaka mzima wa kutembea umemjenga misuli tu.

Mwaka 2020 nadhiri hizi zilipimwa kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri mwezi Machi kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yalibaki Malaba kwenye foleni ya kilomita nyingi, madereva wakingoja majibu ya vipimo, na mahujaji hawakuvuka. Mwenye nadhiri alikuwa na deni na barabara haikuwepo. Katika Uislamu mlango wa kafara upo kwa asiyeweza kuitimiza nadhiri yake: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza hayo afunge siku tatu. Katika sheria za Kanisa mlango upo kwenye kanuni ya 1197, nayo haisubiri janga. Aliyeweka nadhiri binafsi anaweza mwenyewe kuibadilisha iwe jambo jema lililo sawa nayo au lililo kubwa zaidi.

Hapo mama ambaye goti lake limevimba Februari, na daktari amemkataza lami ya Mabira, ana la kufanya. Anaweza kuamua kwamba kila Jumapili baada ya Misa, kwa mwaka mmoja, atakwenda pole pole na fimbo yake kwa mgonjwa mmoja wa jumuiya yake, Aprili na tope lake ikiwemo, akae naye, amchotee maji, amsomee masomo ya siku. Kwa badiliko hilo hahitaji ruhusa ya mtu. Paroko anahitajika pale tu anapotaka kupunguziwa.