Kibali cha Kuzaa

Tarehe 25 Septemba 1980 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha China iliwaandikia wanachama wake barua ya wazi, ikiwataka wenzi waridhike na mtoto mmoja. Sera hiyo ilidumu hadi mwisho wa mwaka 2015, na mjadala juu yake mara nyingi huwa kama ilifaulu au la. Kuna swali linalotangulia: serikali imepata wapi haki ya kuamua nani azaliwe? Aliyelelewa akiamini kwamba mtoto ni amana ya Mungu atasema haina haki hiyo, na yamekwisha. Mimi nadhani hata asiye na dini analazimika kufikia hapo hapo, kwa sababu ukishaamuru idadi ya watoto, amri yako haina pa kutekelezwa ila mwilini mwa mwanamke.

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya uzazi wa kwanza mama aliwekewa kitanzi, kisha akawa anaitwa mara kwa mara kupimwa ili ihakikishwe kuwa hakijatoka. Akishika mimba bila kibali, alishinikizwa aitoe, wakati mwingine ikiwa na miezi mingi. Mwaka 1983 peke yake watu zaidi ya milioni 20 walifungwa kizazi, wengi wao wanawake. Na mtoto aliyeponea chupuchupu, wazazi wake wasipoweza kulipa faini, mara nyingi hakuandikishwa katika daftari la kaya. Sensa ya 2010 iliwakuta watu wa namna hiyo wapatao milioni 13. Bila daftari hilo shule ilikuwa shida, matibabu yalikuwa shida, tiketi ya treni ilikuwa shida, hata cheti cha ndoa. Waliadhibiwa kwa kuzaliwa! Mwaka huohuo wa sensa, kwa kila wasichana 100 waliozaliwa kulikuwa na wavulana takriban 118, ilhali kwa kawaida huwa 105 hivi. Familia iliyoruhusiwa nafasi moja na iliyotaka mvulana ilijua la kufanya na mimba ya msichana.

Watetezi husema China ilikuwa maskini, ina watu karibu bilioni moja, na njaa kuu ya 1959 hadi 1961 ilikuwa bado haijasahaulika. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, nami siipuuzi. Lakini wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa umeshashuka kutoka karibu 6 mwaka 1970 hadi chini ya 3 mwaka 1979, kabla ya barua ile, kwa kampeni ya kuchelewa kuolewa na kuachanisha uzazi (ambayo nayo haikukosa shuruti). Mwanauchumi Amartya Sen alilinganisha China na jimbo la Kerala, India: kati ya 1979 na 1991 China ilishuka kutoka 2.8 hadi 2.0, Kerala kutoka 3.0 hadi 1.8, bila amri, kwa wasichana kusomeshwa na zahanati kuwa karibu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba uzazi si siri ya watu wawili. Jamii nzima hulisha, husomesha na kutibu. Kweli, na ndiyo maana serikali inaweza kutoza kodi, kujenga shule na kugawa dawa za uzazi wa mpango. Kuchangia malezi, hata hivyo, hakumpi mtu umiliki wa tumbo. Tazama Romania: mwaka 1966 kiongozi wake, Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba kwa wanawake wengi kwa kuwa alitaka watoto zaidi, na maelfu ya wanawake wakafa kwa kutoa mimba kwa siri kabla sheria hiyo haijafutwa Desemba 1989. Lengo lake lilikuwa kinyume cha lile la Beijing, dai lao ni moja.

Sasa China nayo imegeuka. Tangu 2021 watoto watatu wanaruhusiwa, na mwaka 2025 ilitangazwa ruzuku ya yuan 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Waliozaliwa walikuwa zaidi ya milioni 17 mwaka 2016; mwaka 2023 walikuwa karibu milioni 9. Bei za nyumba na gharama za masomo zinachangia sana upungufu huo. Ruzuku siipingi, maana mama anaweza kuipokea au kuiacha. Ninachokihofia ni kwamba idadi ya watoto bado inahesabiwa kuwa lengo la serikali, na ruzuku isipotosha, watendaji wanayo kumbukumbu ya namna nyingine ya kulifikia.