Mkate wa Wafu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilizaliwa sokoni, mahali ambapo mnunuzi huliona embe, akalishika, akalinusa, kisha akaamua. Lakini si kila kizuri hupata kufika sokoni. Shairi hufa pamoja na aliyelihifadhi kifuani ikiwa hakutokea wa kulipokea. Filamu hali yake ni ngumu zaidi, kwani yataka mkanda usiooza, mashine ya kuuonyesha, ukumbi, na mfanyabiashara anayeamini kwamba viti vitajaa. Kikikosekana kimoja tu kati ya hivyo, uzuri hauna pa kujiuza. Ndipo linapozuka swali ninalotaka kulipima hapa: je, kazi nzuri iliyosahauliwa inatudai chochote? Au kusahauliwa ni hukumu ya haki iliyotolewa na wakati, na anayefukua anajisumbua bure?

Nitalipima swali hili kwa filamu moja ya Misri, Al-Mummia, iliyoongozwa na Shadi Abdel Salam na kukamilika mwaka 1969. Katika nchi za Magharibi hujulikana kwa jina lenye maana ya Usiku wa Kuhesabu Miaka. Shadi alizaliwa Iskandaria mwaka 1930, akasomea usanifu wa majengo, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kubuni mandhari na mavazi ya filamu za wengine. Hii ndiyo filamu ndefu pekee ya hadithi aliyoikamilisha. Alifariki mwaka 1986, akiwa ameacha nyingine, juu ya Farao Akhenaten, aliyoiandaa kwa muda mrefu bila ya kupata kuipiga. Al-Mummia ilisifiwa Ulaya, lakini watazamaji wa kawaida wa Misri hawakuiona kumbini hadi mwaka 1975. Sababu hazifichiki. Filamu haina wimbo, haina ngoma, haina mapenzi yanayotimia. Wahusika wake husema Kiarabu fasaha cha vitabuni badala ya lahaja ya Kairo, nao hutembea polepole baina ya mawe na upepo. Mtazamaji wa pwani yetu, aliyezipenda filamu za Misri kwa ajili ya sauti za Abdel Halim Hafez na Farid al-Atrash, huenda angetoka kabla ya nusu saa.

Angetoka, na angekosa kisa hiki. Mwaka ni 1881, mahali ni milima ya Thebes, ng'ambo ya mto Nili mkabala na Luxor. Mzee wa kabila la milimani amefariki. Mara baada ya mazishi, ami zake Wanis wanamchukua yeye na kaka yake hadi pangoni na kuwafichulia siri ya riziki yao: humo mmelazwa maiti wa Mafarao, waliofichwa na makuhani karibu miaka elfu tatu iliyopita ili wasiibiwe, na kabila limekuwa likiwauza vipande vipande. Mbele ya macho ya vijana, ami mmoja anamvunja maiti ili amtoe mkufu wa dhahabu. Basi huu ndio mkate tuliolishwa tangu utoto. Kaka anakataa, mama yake mzazi anamkana, na anapopanda chombo kuondoka anauawa na kutupwa mtoni. Wanis anabaki peke yake na siri. Mwishowe anaiendea meli ya watu wa idara ya mambo ya kale, iliyoongozwa na Mmisri Ahmed Kamal, na kusema. Usiku huohuo majeneza yanatolewa, alfajiri yanapita bondeni mbele ya kabila lililosimama kimya, na meli inaondoka. Wanis hasafiri nayo, wala hana tena pa kurudi.

Neno lililo katika jina la filamu hii si geni kwetu. Mumya ya Kiarabu imetokana na Kiajemi, na katika Kiswahili imekuwa mumiani. Hapo kale lilikuwa jina la aina ya lami iliyotumiwa kuwa dawa. Baadaye maiti waliokaushwa wa Misri, kwa kudhaniwa kwamba wamepakwa lami hiyo, waliitwa kwa jina hilohilo, na kwa karne kadhaa miili yao ikasagwa na kuuzwa Ulaya kuwa tiba. Kwenye pwani yetu neno likachukua maana ya kutisha zaidi. Mumiani ni dawa inayosemekana kutengenezwa kwa damu ya watu, kisha akawa ni yule mnyonya damu mwenyewe anayewinda usiku. Zama za ukoloni hofu hiyo ilienea hata wazima moto wakashukiwa. Tunaweza kuicheka hofu hiyo, lakini ndani yake mna fundisho la maadili ambalo babu zetu hawakulihitaji kulisoma popote: kuugeuza mwili wa mtu kuwa bidhaa ni kuuvunja utu, na anayeishi kwa biashara hiyo amejitoa mwenyewe katika jamii ya watu.

Biashara ya ami zake Wanis ina hoja yake, nayo si dhaifu. Wafu hawa hawana wana wa kuwalilia. Hakuna anayewajua majina. Mtoto aliye hai ana njaa, na maiti asiye na jina hana haja ya dhahabu. Angalia hoja inasimama juu ya nini: inasimama juu ya usahaulifu. Maiti wa baba yao walimzika kwa heshima asubuhi ileile, kwa sababu wanamjua. Anayejulikana huzikwa, asiyejulikana huuzwa. Kwa hiyo kusahau si tendo lisilo na lawama kama tunavyodhani. Kusahau ndiko kunakotayarisha njia, hata kitu chenye heshima kikawa takataka au mtaji.

Hata hivyo filamu haimpi Wanis ushindi rahisi, na hapo ndipo ukubwa wake. Kwa kuwaokoa wafu, amewapokonya mkate walio hai. Amewaamini wageni wa Kairo kuliko damu yake. Historia yenyewe ilikuwa chafu zaidi: watu wa ukoo wa Abd el-Rassul walikamatwa, wakateswa, wakagombana wao kwa wao, na mmoja akaitoa siri. Shadi aliyaondoa mateso akaweka dhamiri, lakini hakuuondoa uchungu. Wakati umemthibitishia. Tarehe 3 Aprili 2021 maiti 22 wa kifalme, akiwemo Ramses wa Pili aliyetolewa katika pango lilelile, walipitishwa kwa gwaride katika mitaa ya Kairo hadi jumba jipya la makumbusho, na dunia ikatazama. Kwa upande wa pili, kuanzia mwaka 2006 wakazi wa Qurna, kijiji cha milima ile, walihamishwa na nyumba zao nyingi zikabomolewa ili makaburi yaliyo chini yake yalindwe. Wafu wamepata majina. Walio hai wamepoteza kijiji. Filamu iliyokamilika mwaka 1969 ilikwisha kuuliza kama heshima hiyo ingeweza kupatikana bila ya dhulma hii, na jawabu bado halijatolewa.

Kwa ajabu, filamu yenyewe imepitia njia ya maiti wake. Mwaka 2009 ilikarabatiwa kutokana na mikanda ya asili iliyohifadhiwa Misri, na kazi hiyo ikafanyika Bologna, Italia, chini ya taasisi iliyoasisiwa na mwongozaji wa Marekani, Martin Scorsese. Rangi zilirudi na sauti ikasafika. Ni jambo la kushukuru, kwani mkanda ukianza kuoza na kutoa harufu ya siki hausubiri mjadala wetu juu ya nani anastahiki kuuokoa.

Sisi wapenzi wa ushairi tunalijua jambo hili kwa karibu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangepotea lau si Mwalimu Sikujua na kasisi wa Kiingereza, W. E. Taylor, kuyakusanya baada ya mtunzi kufariki. Karatasi za Taylor zimo London, na diwani ya kwanza ilichapishwa Afrika Kusini mwaka 1940. Lakini je, Muyaka aliokolewa London? Karatasi ndizo zilizookolewa huko. Muyaka aliokolewa na kila mwalimu aliyemsomesha, na kila mtu aliyekaa barazani akaugombania ubeti wake. Kuhifadhi na kukumbuka ni mambo mawili. La kwanza laweza kufanywa na mgeni mwenye fedha na ujuzi, tena kwa nia njema. La pili haliagizwi nje.

Atasema msomaji: basi tukumbuke kila kitu? La. Ukale si sifa, na ziko filamu nyingi za zamani zilizosahauliwa kwa sababu hazikuwa na la kusema. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: kazi inatudai pale inapokuwa na swali ambalo bado ni letu. Nasi wa visiwa hivi, tunaoishi katika mji wa mawe unaolindwa na dunia tangu ulipoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2000, tuna haki gani ya kusema kwamba swali la Wanis halituhusu? Nani anakula kutokana na kuta hizi za zamani? Nani anahama ili zipendeze? Milango iliyochongwa na babu zetu, je, haijauzwa kwa wapita njia na watu walioihitaji riziki ya siku ile?

Deni basi ni letu, na kulilipa si kazi kubwa. Yataka ukuta mweupe, usiku mmoja, na mtu anayekijua Kiarabu fasaha akiwafasiria wenziwe kwa Kiswahili, kama wanavyofanya mafundi wa kufasiri filamu kwa sauti katika vibanda vya bara. Kisha taa ziwashwe, na watu wabishane kama Wanis alitenda haki. Wengine watasema aliwasaliti ndugu zake. Na waseme. Kizuri kilichozikwa hakiwezi kujiuza. Lazima apatikane mtu wa kukitembeza, asione haya.