Mshubiri Uchanuao Wakati wa Baridi



Tukitaka kueleza jambo gumu kumeza twasema, "Chungu kama shubiri." Basi huenda mtashangaa nikiwaambia kwamba mmea huo huo ni meza ya ndege wengi wakati wa njaa.

Katika Afrika Kusini kuna bustani zinazotunza mimea ya asili ya nchi ile. Iliyo mashuhuri ni Kirstenbosch, mjini Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1913. Upande wa kaskazini wa nchi, ambako mchana wa baridi huwa na jua zuri, huota mshubiri mkubwa wa milimani, ambao wataalamu huuita Aloe marlothii. Shina lake huweza kupita mita 3, na majani yake ni manene yenye miiba. Huko mvua hunyesha wakati wa joto. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na ukavu: nyasi hukauka, wadudu huadimika, maji hupungua. Ndipo mshubiri huchanua maua yake mekundu na ya manjano.

Ndani ya maua hayo mna maji matamu, mepesi na mengi. Chozi huja, maana ndicho chakula chake siku zote. Lakini huja pia shore, kwera na kwenzi, ambao kwa kawaida hutafuta wadudu, matunda na mbegu. Hula na kunywa mahali pamoja. Nao mshubiri wawezaje kuchanua katika ukavu? Uliweka akiba ya maji majanini wakati wa mvua.

Mambo haya yamenikumbusha kosa langu. Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, jirani yangu mjane aliniomba debe moja la mahindi. Ghalani nilikuwa na magunia manne. Niliyahesabu, nikaogopa, nikamwambia, "Mama, subiri mavuno." Mavuno yalipofika nikampelekea gunia zima. Alilipokea kwa adabu, akanishukuru. Lakini mbuzi wake wawili walikuwa wamekwisha kuuzwa, na gunia langu halikuwarudisha. Yeye alihitaji debe, tena wakati ule.

Je, wema hupimwa kwa wingi wake au kwa wakati wake? Wazee walikwisha kujibu: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakutaja kiasi.

Mtu aweza kuniambia, "Mshubiri hauna huruma. Wawalisha ndege ili wachukue unga wa maua na kuupeleka kwenye ua jingine, mbegu zipatikane. Hiyo ni biashara." Ni kweli. Walakini kwera mwenye njaa hapungukiwi kitu kwa sababu mshubiri nao umefaidika. Tukingoja mpaka moyo uwe safi kabisa, usio na faida yoyote ya kwetu, ndipo tutoe, jirani atakuwa amekwisha uza mbuzi.

Mwingine ataniuliza, "Je, nitoe hata chakula cha wanangu?" Sisemi hivyo. Mshubiri hautoi majani yake. Hutoa maji ya maua tu, na majani hubaki na akiba. Kila nyumba ina lake la kubakiza. Lakini mimi sikunyima kwa kukosa. Nilinyima kwa kuwa sikuwa nimetenga kitu mapema, hivyo kila debe ghalani niliona kuwa ni langu.

Hapo ndipo nionapo wajibu wetu, ndugu zangu. Kumsaidia mtu wakati wa dhiki huanza wakati wa neema. Mwenye kutenga debe moja siku ya mavuno, akasema moyoni, "Hili si langu," hatatetemeka mgeni akibisha hodi mwezi wa njaa. Tangu mwaka ule natenga madebe mawili. Mara mbili yameondoka kabla ya mvua, na nyumbani kwangu hakuna aliyelala na njaa.