Kabati Lifunguliwe

Walimu wenzangu wa Mpanda, wa Nsimbo, wa Mlele, wa Mpimbwe na wa Tanganyika, leo sihubiri habari za mshahara. Hizo mnazijua kuliko mimi. Nahubiri habari za kabati.

Mnalijua. Limesimama ofisini kwa mwalimu mkuu, la mninga, kufuli limening'inia. Ndani mna vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, mna na vya hadithi, vingine hata mhuri wa shule havijapigwa. Darasani watoto watano wanagongana vichwa juu ya kitabu kimoja. Ufunguo uko wapi? Kwa mwalimu wa taaluma. Mwalimu wa taaluma yuko wapi? Kaenda mjini.

Naungama mbele yenu: ufunguo wa namna hiyo niliwahi kuushika mimi. Nikaulinda miaka minne. Siku ya ukaguzi nikasifiwa kwamba hakuna kitabu kilichopotea, nami nikavimba kichwa. Walionifumbua macho ni mchwa. Walipanda ukutani, wakalitoboa kabati kwa nyuma, wakavimaliza vitabu ambavyo watoto hawakuwahi kuvigusa. Daftari langu lilikuwa na safu ya vilivyopotea; safu ya visivyosomwa haikuwamo. Wala sisemi kosa ni la walimu peke yao. Mtu anayedaiwa kila ukurasa uliochanika hujifunza kufunga. Sisi tumejifunza mno!

Tena kabati si hilo la mninga peke yake. Mnakumbuka Agosti 2022? Makarani wa sensa walizunguka Katumba, Mishamo, Karema hadi Ikola, vishikwambi mkononi. Hesabu ilipotoka, mkoa wetu wa Katavi ulikuwa na watu 1,152,958, na miaka kumi nyuma walikuwa 564,604. Mshika chaki hakungoja sensa imwambie. Alikuwa akiwaona wamejaa sakafuni. Kisha serikali ikavigawa vishikwambi vya sensa kwa walimu. Kifaa kilichowahesabu watoto wetu kikatiwa mikononi mwetu tuwafundishie. Nani atasema hakuitwa?

Tazameni reli yetu inayotoka Kaliua. Wakoloni waliileta Mpanda ili ibebe madini ya risasi. Risasi ikaisha, treni ikaendelea kuleta watu, mizigo, na walimu wapya wenye sanduku na godoro. Chombo hakijipangii kazi. Wewe kishikwambi chako umekipangia kazi gani? Katuni za mwanao? Tamthilia za usiku? Au kimelala chini ya vitenge kama ile talanta ambayo mtumwa wa Injili aliifukia ardhini? Na mtumwa yule, angalieni vizuri, hakuiba wala hakupoteza. Aliitunza. Kwa kuitunza ndiyo akahukumiwa.

Nasikia mtu wa nyuma anasema, "Mtandao hakuna." Ni kweli. Ziko shule ambako mwalimu hupanda kichuguu ndipo simu ishike. Lakini mwisho wa mwezi si tunakutana Mpanda mjini, kwenye foleni ya benki? Hapo mtandao upo. Kabla hujaagiza chipsi, fungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Kinachopakulika pakua, kisichopakulika nakili kwenye daftari, urudi nacho kijijini, kisikudai bando tena. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024. Anayeendelea kunakili ubaoni nukuu za tangu alipoajiriwa anawapakulia watoto kiporo.

Wapo waliojifunza bila mtandao. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote (UPE), vijana makumi ya maelfu waliomaliza darasa la saba waliingia madarasani kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa wakufunzi wa kata. Tuliwacheka sana, eti "walimu wa UPE". Lakini jioni walikaa kando ya redio ya betri, kalamu mkononi, wakasikiliza. Sisi wenye vyeti na stashahada, jioni zetu zinakwenda wapi?

Tunayo MEWAKA, mafunzo endelevu kazini. Isiwe kusaini mahudhurio na kunong'onezana habari za posho! Mkikaa katika jumuiya ya kujifunza, lete somo lililokushinda, uliseme bila aibu. Yupo mtoto wa Katumba ambaye nyumbani husikia Kirundi, yupo wa mfugaji ambaye nyumbani ni Kisukuma kitupu. Wote wawili wameketi darasa la kwanza, kimya, na wewe umekwisha kuwaandika wazito. Jirekodi kwa kishikwambi ukisoma hadithi fupi, taratibu, kitabu kikiwa wazi mbele yao. Wasikie mara tatu, mara nne, kidole kikifuata maneno. Mwenzako mwenye njia bora aitoe hapohapo, asiende nayo kaburini.

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, nenda kaombe ufunguo. Ukiambiwa vitabu vitachanika, sema: vichanike! Gundi ipo, uzi na sindano vipo, na darasa la sita wanaweza kushona. Nawe mwalimu mkuu unayesoma haya huku kabati liko mgongoni pako, mwite mwalimu wa taaluma. Akiwa kaenda mjini, ita fundi akate kufuli.