Karatasi ya Siku ya Mvua

Mwaka jana nilitia sahihi karatasi moja ambayo mpaka leo naiwaza. Nilikuwa kibarua katika maabara ndogo ya kupima maji. Mvua ya Kakamega, ambayo kwa kawaida hungoja alasiri, siku hiyo iliamka na sisi, na hakuna aliyetoka kwenda mtoni kuchota sampuli. Mkubwa wangu akaniambia, "Weka tu zile namba za wiki jana. Si maji ni yale yale?" Nikaweka. Nikasaini.

Mto wenyewe unapita karibu na machimbo ya dhahabu. Wachimbaji wadogo huku kwetu hushika dhahabu kwa zebaki: inang'ang'ania zile chembe, donge linachomwa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Inayomwagika hufuata maji. Nimesoma kemia, kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Wiki kadhaa baadaye, nikitafuta kitu kuhusu benzini kwenye simu, nilikutana na Kathleen Lonsdale. Tangu Kekulé alipotoa wazo la pete ya kaboni sita mwaka 1865, wanakemia walikuwa wakibishana kuhusu umbo lake. Mwaka 1929, akiwa Leeds, mama huyu alipitisha eksirei kwenye fuwele, akapiga hesabu, akaonyesha kwamba pete ni bapa. Mwaka 1945 alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuingizwa Royal Society.

Lakini kilichonishika ni 1943. Vita vilikuwa vimepamba moto, na serikali ya Uingereza ilitaka watu wajiandikishe kwa kazi za ulinzi wa raia. Yeye alikuwa Quaker, na tayari alikuwa akikesha kwa hiari kulinda majengo yasishike moto wa mabomu. Alikuwa na watoto watatu. Angejiandikisha tu, angesamehewa. Alikataa, kwa sababu sheria haikuwa na nafasi kwa mtu anayezuiwa na dhamiri. Akatozwa faini ya pauni 2. Akakataa kulipa. Mwezi mmoja katika jela ya Holloway, akisugua sakafu.

Kusema ukweli, mwanzoni niliona ni ukaidi. Kazi anaifanya, halafu anaenda jela kwa ajili ya fomu? Hakuna bomu hata moja lililokosa kuanguka kwa sababu ya mwezi wake ule.

Nilimsimulia Senge, dada ya baba, ambaye ni wa Kanisa la Marafiki tangu utotoni. Hao Quaker walifika Kaimosi 1902, na huku kwetu wanaimba na kupiga makofi. Yule mama wa London, aliyezoea ibada ya kukaa kimya, nadhani angeshangaa. Senge hakuuliza kuhusu vita. Aliuliza, "Watoto alimwachia nani?"

"Baba yao alikuwepo."

"Haya." Akaendelea kuchambua kunde. Kisha: "Kwa hivyo wangemwachilia kwa sababu ni mama, na yeye hakutaka kujificha nyuma ya watoto."

Sikuwa nimeliona hivyo. Msamaha ule ulikuwa wake peke yake. Akiuchukua, angewaacha wenzake wasio na watoto mlangoni mwa jela.

Ningependa kusema ni sayansi iliyomfanya awe hivyo. Hapana. Fritz Haber naye alipima kwa makini, na mwaka 1915 alisimamia gesi ya klorini ikifunguliwa kule Ypres. Lakini Lonsdale alipotoka jela alipigania hali ya wafungwa, akapinga silaha za nyuklia, na sioni angesikilizwa vipi kama angekuwa mtu wa kuandika namba asizozipima.

Sahihi yangu huenda haikumdhuru mtu. Huenda maji yalikuwa yale yale kweli. Hilo ndilo linanisumbua: sitajua kamwe, na aliyeharibu nafasi ya kujua ni mimi.

Mwishowe nilimwambia Senge. Alinyamaza, akauliza, "Watu wa huko chini wanachota wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilibeba chupa, nikapanda boda kwa pesa yangu. Ile karatasi bado iko kwenye faili. Mkubwa wangu sijamwambia. Kodi ya nyumba ni tarehe tano, na kibarua si kitu unaokota barabarani.